Dominika ya 19 ya Mwaka B: Homa Tuliyoipakia Nyumbani



Wapendwa wasikilizaji, somo la kwanza la Dominika ya leo latutoa majumbani mwetu na kutuweka jangwani, mwendo wa siku moja kutoka Beersheba, chini ya mti uitwao mretemu. Si mti wa kujivunia kivuli. Ni kichaka tu cha nchi kavu. Hapo amelala nabii Eliya. Mtumishi wake amemwacha mjini, nguvu zimemwishia, na sala pekee iliyobaki kinywani mwake ni kuomba afe.

Tumezoea kulihubiri somo hili kwa kuukimbilia mkate: malaika, mkate, maji, kisha moja kwa moja hadi Ekaristi Takatifu. Ni halali kufanya hivyo, na Injili ya leo yenyewe yatuongoza huko. Lakini leo tunaomba ruhusa yenu tukawie kidogo chini ya mti ule. Malaika alipomgusa Eliya hakumwambia ajikaze. Hakumkumbusha kwamba yeye ni nabii na watu wanamtazama. Alimpa chakula, akamwacha alale tena, akarudi mara ya pili, na ndipo akamweleza kwamba safari iliyo mbele yake ni kubwa kumzidi. Zile siku 40 za kutembea hadi Horebu zilianza baada ya hapo, wala si kabla. Tuna sababu yetu ya kulikawilia jambo hili, na sababu hiyo twaona haya kidogo kuieleza, lakini tutaieleza.

Miaka kadhaa iliyopita, barabara ya lami itokayo Msata kwenda Bagamoyo ilipokuwa bado mpya, tulikuwa tukihudumu katika parokia moja ya mkoa wa Morogoro. Vijana waliopokea Kipaimara mwaka ule waliahidiwa kambi ya siku 4 huko Bagamoyo. Wangelala katika mahema karibu na bahari, wangeitembelea misheni iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, na wengi wao wangeiona bahari kwa mara ya kwanza maishani mwao. Walichanga kwa miezi saba. Wapo waliouza mayai, wapo waliofanya vibarua vya kupalilia. Mahema sita tuliyaazima kwa maskauti, basi dogo tukalikodi pamoja na dereva wake, na sufuria kubwa zikatoka jikoni kwa akina mama.

Jioni ya kuamkia safari, mmoja wetu, ambaye hatuna haja ya kumtaja jina kwa kuwa sauti yake ndiyo mnayoisikia, alihisi baridi. Ilikuwa jioni ya joto, na wenzake walikuwa wamekaa nje wakijipepea kwa magazeti. Viungo vikaanza kumuuma, kichwa kikawa kizito, chakula kikamchukiza. Alijua ni kitu gani. Nani kati yetu tuliozaliwa katika nchi hizi asiyejua? Zahanati ilikuwa mwendo wa dakika 5 kutoka nyumba ya mapadre, nayo ilikuwa na kile kipimo cha haraka ambacho kwa tone moja la damu ya kidoleni hutoa jibu kabla ya nusu saa kwisha. Hakwenda. Yeye ndiye aliyeshika orodha ya majina. Yeye ndiye aliyeshika bahasha ya fedha. Yeye ndiye aliyewatangazia wazazi kanisani, Dominika tatu mfululizo, ya kuwa watoto wao watakuwa mikononi mwake. Akameza vidonge viwili vya kushusha homa, akalala. Saa 10 usiku aliamka amelowa jasho na mwili umekuwa mwepesi, akajisadikisha kwamba amepona.

Wanaosomea utabibu watatuwia radhi tukisema kwa maneno ya kawaida: vidonge vya namna hiyo hushusha joto la mwili, lakini vijidudu vya malaria havivigusi kamwe. Vyenyewe huendelea na kazi yake katika damu kimyakimya. Tena mtu haumwi siku ileile anapoumwa na mbu. Kwa kawaida hupita siku 7 au zaidi kabla homa haijaanza. Kwa hiyo ugonjwa ule hatukuupata Bagamoyo, kama walivyosema baadaye baadhi ya waamini waliotaka kututetea. Tuliupakia nyumbani pamoja na mahema.

Asubuhi, vijana walipokuwa wakiimba na kugombea viti vya dirishani, padre yule alizunguka nyuma ya basi, akameza vidonge vingine viwili kwa maji ya chupa. Aliangalia kushoto na kulia, asione mtu.

Chalinze, basi liliposimama ili watu wanunue matunda, alitapika nyuma ya vibanda. Mama mmoja wa WAWATA, aliyekuja nasi kwa ajili ya wasichana na jiko, alimwona akirudi. "Baba, umepauka," alisema. Padre akamjibu kuwa ni harufu ya dizeli. Mama yule hakuamini, jambo hilo lilionekana wazi usoni pake, lakini alinyamaza, maana kwetu ni vigumu mwanamke wa parokia kumwambia padre kwamba anasema uongo. Tunalitaja hili kwa makusudi. Heshima ikizidi mahali pake huwaziba midomo watu wenye macho mazuri.

Kutoka Msata, mzee wetu katekista alisimama katikati ya basi, akishika viti kwa mikono miwili, akaanza kuwasimulia vijana habari za Bagamoyo. Aliwaeleza misafara ya watumwa na pembe za ndovu iliyoishia pale. Kisha akawaeleza habari za Livingstone. Stanley alipoagana naye karibu na Tabora mwezi Machi 1872, alikuwa amekwisha kumsihi arudi kwao akatibiwe. Hakukubali. Mwezi Agosti mwaka uleule aliondoka na wapagazi na mahema kuelekea kusini, mtu mwenye umri wa miaka 59, ambaye tumbo la kuhara na kutokwa damu vilikuwa vimemsumbua kwa muda mrefu. Kufika Aprili 1873 alikuwa hawezi tena kutembea; watu wake walimbeba kwa machela katika maji na matope ya Bangweulu, nchi ambayo leo ni Zambia. Walimkuta amekufa kijijini kwa Chitambo mwanzoni mwa Mei, amepiga magoti kando ya kitanda.

Katekista aliipenda sana sehemu ifuatayo, akaipunguzia mwendo. Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga katika kitambaa na gome, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi pwani, miezi tisa, wakafika Bagamoyo mwezi Februari 1874. Huko Tabora walikutana na msafara wa Waingereza uliokuja kumtafuta marehemu, nao wenyewe wakiwa wameelemewa na homa. Daktari wa msafara ule, Dillon, akaamua kurudi pwani, mgonjwa vilevile. Hakuiona pwani, alifariki njiani, homa ikiwa imemvuruga akili. Mwili wa Livingstone ulilazwa usiku mmoja katika misheni, ukavushwa kwenda Unguja, na tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa Westminster Abbey, mjini London. "Na mnara wa kanisa lile," alisema mzee, "mtauona kesho kwa macho yenu."

Kijana mmoja akauliza: "Mwalimu, mbona hao wapagazi hakuna aliyewauliza kama wanaweza?" Basi zima likacheka. Padre aliyekuwa ameegemea kioo cha dirisha, akitetemeka chini ya sweta, alilisikia swali lile kama mtu anayesikia maneno kisimani. Hatumhukumu marehemu aliyelala karne na nusu. Alikuwa na wito wake na jeuri yake, na mengi aliyoandika dhidi ya biashara ya watumwa yalizaa matunda mema. Lakini swali la kijana yule bado tunalo.

Tulifika alasiri. Vijana wakakimbilia majini, wakaitwa, wakarudi, wakakimbia tena. Ilipofika saa ya kusimamisha mahema, vigingi havikuonekana. Padre ndiye aliyevihifadhi, na sasa hakukumbuka amevitia katika mfuko gani. Alisimama kati ya mahema mawili yaliyolala chini, akafungua kinywa ili aseme, akaanguka.

Katekista na dereva wakambeba, wakampakia katika basi, wakaenda naye hospitali. Nasi twawaomba mwone ilivyokuwa pale kambini saa ile: giza linaingia, mahema hayajasimama, vijana zaidi ya 20 wamepigwa na bumbuazi, na mtu mzima aliyebaki ni mama mmoja tu na taa yake. Mama yule akafanya kile ambacho padre hakukifanya tangu asubuhi. Akawahesabu watoto mmoja mmoja, akimwangalia kila mmoja usoni. Wakapungua mmoja.

Alimkuta msichana wa miaka 14 chini ya turubai la hema lililokunjwa, amejifunika kanga mbili, mwili unawaka, na akiitwa jina lake haitiki. Gari halipo, limemchukua padre. Mama hakungoja lirudi. Aliwakabidhi wenzake kwa kijana mkubwa kuliko wote, akatoka barabarani, akasimamisha bodaboda, akapanda na mtoto katikati, kati yake na dereva wa pikipiki. Degedege lilimshika mtoto njiani. Mama alituambia baadaye kwamba alimkumbatia kwa nguvu zote ili asianguke, na kwamba hakusali sala yoyote kwa kuwa hakukumbuka hata moja.

Wote wawili walikuwa na malaria. Ya padre ilitulia kwa vidonge vya dawa mseto, zile dozi 6 za siku 3, na siku ya pili aliweza kukaa. Ya mtoto ilikuwa ile malaria kali, ikabidi atiwe dawa kwa mshipa. Alifumbua macho kesho yake jioni. Tunawashukuru waganga na wauguzi wale hata leo.

Padre alipopata nguvu alikwenda wodi ya watoto, akishika ukuta. Msichana alimwamkia, "Tumsifu Yesu Kristo, Baba," kama vile wamekutana mlangoni mwa kanisa. Akamwuliza kwa nini hakusema kwamba anaumwa. Mtoto akafikiri, kisha akasema: "Baba, nilikuona nyuma ya basi ukimeza vidonge. Na mimi nilikuwa na homa tangu usiku. Nikasema, kumbe inawezekana."

Wapendwa, tumekwisha kusikia maungamo mengi ya watu katika upadre wetu. Hakuna neno lililotuchoma kama lile, nalo halikuwa maungamo wala lawama. Mtoto alieleza tu alivyojifunza. Kila Jumamosi, kwa mwaka mzima, tulikuwa tumemfundisha Sakramenti saba na vipaji saba vya Roho Mtakatifu. Na kwa tendo moja la nusu dakika, nyuma ya basi, tulimfundisha kuuficha ugonjwa. Somo lile ndilo alilolishika.

Mama yake mzazi alifika na basi la usiku. Padre alijiandaa kupokea hasira, naye angestahili. Mama hakufoka. Alimpangusa mwanawe uso kwa upindo wa kanga, kisha akasema bila kumtazama padre: "Mchango wake ulikuwa kuku wawili tu, Baba. Ningewauza wengine mwakani."

Tangu siku ile tumeyasoma Maandiko kwa jicho jingine, tukiwatafuta wagonjwa wa safarini. Wapo. Mwishoni kabisa mwa barua ya pili kwa Timotheo, mahali ambapo wasomaji wengi wa Misa hawafiki, Mtume Paulo anatoa salamu na habari za wenzake, na kati ya habari hizo anasema, kwa maneno machache tu, kwamba Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Basi. Hakuna maelezo mengine. Hasemi kwamba Trofimo alikuwa mlegevu, wala kwamba imani yake ilipungua, wala kwamba yeye Mtume alimwekea mikono na ugonjwa ukakataa kutoka. Mtu aliugua, akaachwa bandarini apumzike, kazi ikaendelea. Paulo, ambaye katika Matendo ya Mitume twasikia aliwaponya wengine, haoni aibu kuliandika jambo hilo.

Na yupo Epafrodito, aliyetumwa na Wakristo wa Filipi kumpelekea Paulo msaada kifungoni. Aliugua karibu ya kufa. Paulo akamrudisha nyumbani, tena akawaandikia watu wa kwake wampokee kwa furaha na kuwaheshimu watu wa namna yake. Hapo tunasimama kwa mshangao kila mara. Barua ya heshima kwa mtu anayerudi kutoka safari ambayo ugonjwa umemkatiza! Sisi je, huwapokeaje wanaobaki? Tuseme kweli. Kwaya inapokwenda kuimba parokia nyingine na mmoja akasema hajisikii vizuri, huitwa majina. Jumuiya ndogo ndogo inapokwenda hija na mama mjamzito akasema hataweza, hunong'onwa kwamba ametafuta kisingizio cha kutotoa mchango. Halafu tunashangaa watu wakiuficha ugonjwa hadi waanguke.

Wapo pia wanaouficha kwa sababu ya mkate wa siku. Dereva anayeamka na homa, akijua kwamba asipoendesha leo halipwi leo, huketi nyuma ya usukani na roho za watu 60 mgongoni mwake. Huyo hatuwezi kumhubiria peke yake. Hubiri hilo ni la tajiri wake kwanza. Nanyi wenye mabasi mnaotusikiliza asubuhi hii, tunajua mpo, maana mnatuma salamu kila Dominika: tafadhali mwulize dereva wako hali yake kabla ya kumkabidhi ufunguo, na mwulize kwa namna ambayo jibu la kweli halitamgharimu chakula cha watoto.

Yupo atakayetuambia kwamba tukimsikiliza kila mwenye kichwa kinachouma, hakuna basi litakaloondoka. Twakubali. Kichwa cha kukosa usingizi si malaria, na mwenye mafua anaweza kwenda hija na kurudi. Ndiyo maana kuna vipimo na kuna watu waliosomea kuvitumia. Padre si mmoja wao, na hofu ya kuchekwa si kipimo. Lakini mtoto mwenye homa, mjamzito mwenye homa, au mtu yeyote anayetapika kila anachokunywa, huyo asipande gari lolote isipokuwa la kumpeleka kwa mganga. Hili hatuliombei radhi.

Katika parokia ile mambo mawili yalibadilika baadaye, nayo hatukuyabuni sisi. Yaliletwa barazani na yule mama wa WAWATA. La kwanza: anayebaki kwa ugonjwa hurudishiwa mchango wake wote, hata ule wa mafuta ya gari, na baraza la walei ndilo linalolifidia pengo. Lilizua ubishi mrefu, maana fedha ya mafuta ikishalipwa imelipwa. Mama yule aliwauliza wajumbe bei ya kuku wawili, ubishi ukaisha. La pili: siku ya kuondoka, kabla mizigo haijapandishwa juu ya keria, kila msafiri, mkubwa kwa mdogo, huitwa pembeni peke yake na mtu wa afya, huulizwa hali yake, huguswa paji la uso. Peke yake, kwa kuwa mbele ya wenzake hakuna kijana atakayekiri kitu.

Mwaka jana tulialikwa kwenda na vijana wa parokia ileile, safari hii Lushoto, na mahema yao wenyewe, si ya kuazima. Tulifika alfajiri. Aliyekuwa amekaa kwenye benchi chini ya mwembe na daftari la majina ni yule msichana, ambaye sasa ni muuguzi. Aliwaita vijana wote, kisha akamwita katekista, ambaye kwa uzee huwa hapendi kuguswa uso na akaguswa hivyo hivyo. Mwisho akaita, "Baba."

Tukamwambia kwamba ni wazima kabisa.

Hakuandika. Alishika kalamu, akatutazama, akangoja. Kisha akauliza mara ya pili, kwa sauti ya chini ambayo wale wa kwenye basi wasingeweza kuisikia. Tukamwambia kwamba tangu jana mchana tulikuwa na baridi mgongoni.

Basi liliondoka saa 12 na nusu. Vijana walitupungia mikono madirishani, na mmoja akapaza sauti kwamba watatuletea peasi za Lushoto. Tulibaki tumekaa kwenye lile benchi, na pamba kidoleni, tukingojea jibu la kipimo.